Sifuri kwa Amri ya Baba

Kijijini kwetu wapo watu ambao mpaka leo nikipita wananong'ona kwamba mimi ndiye yule mtoto aliyepata sifuri ya Hisabati. Wasinong'one. Waseme kwa sauti. Ni kweli nilipata sifuri, na niliitolea jasho kuliko wengi walivyozitolea jasho alama zao za juu.

Jina langu ni Raheli, binti wa Matonya, wa huku Mlali, wilaya ya Kongwa. Baba yangu analima mahindi na karanga, lakini ukimuuliza yeye ni nani, hatakwambia kwamba ni mkulima. Atakwambia ni mchezaji wa bao. Kazi zikipungua utamkuta kwenye kivuli cha mashine ya kusaga, amekunja suruali, anawafunga wenzake mmoja baada ya mwingine, na kila anayefungwa anapewa na maneno ya kwenda nayo nyumbani.

Kuna hadithi moja anayoipenda kuliko zote. Alipokuwa anamposa mama, babu mzaa mama alimkalisha kwenye bao. Sasa kwa adabu zetu, kijana anayeposa hamfungi mkwe wake. Anamwachia. Wengi huachia kijinga, wanafanya makosa ambayo hata kipofu angeyaona, mzee anaudhika. Baba alishindwa kutwa nzima, lakini alishindwa kwa ufundi, kila mchezo ukikaribia kuwa wake na kumponyoka mwishoni. Jua lilipoanza kushuka babu akakusanya kete, akamtazama, akamwambia: "Kijana, asiyejua bao hushinda hata mara moja kwa bahati. Wewe hujashinda hata mara moja. Wewe ni fundi. Kuanzia leo usinipe. Cheza." Akampa binti, na ng'ombe mmoja wa mahari akamsamehe.

Nimeisikia hadithi hiyo toka sijaota meno. Baba akiisimulia hufika pale pa "usinipe, cheza", akapiga paja, akacheka peke yake. Mama hacheki. Mama anaendelea kutwanga mlenda wake.

Kabla sijamsema baba vibaya, na nitamsema, lazima niseme habari ya maksai. Tulikuwa na maksai wawili wa kulimia. Kaka yangu Joshua alipofaulu darasa la saba, baba alitaka kumbakiza nyumbani. Mtendaji wa kijiji akamwita ofisini, akamwambia mtoto aliyechaguliwa asiporipoti shuleni, mzazi atalala mahabusu. Baba akauza maksai mmoja. Joshua akavaa sare, akaenda, akakaa mpaka kidato cha pili, akaacha. Alisema njaa ilikuwa inamzidi darasani. Siku hizi anaendesha bodaboda ya mtu huko Nkuhungu, Dodoma mjini, na nyumbani huja kwa nadra.

Maksai mmoja halimi. Ikabidi kila msimu baba aende kwa jirani kuomba wa kuunganisha na wake, na jirani anakupa baada ya shamba lake kwisha, mvua nayo imeshakata. Misimu miwili mfululizo tukavuna mabua. Baba akafunga hesabu yake: "Shule ilikula maksai wangu, na mtoto haikumrudisha." Hapo simlaumu. Mtu aliyelala njaa ana haki ya kukasirika. Ninachomlaumu ni kwamba hasira zake zote alizielekeza kwangu, wakati mimi maksai sikumla hata mkia.

Shuleni nilikuwa nakwenda kwa mabavu. Wazazi walioshindwa kupeleka mahindi na maharage ya chakula cha mchana, watoto wao tulikaa nyuma ya darasa wenzetu wakila makande. Harufu yake naijua mpaka leo. Mimi na rafiki yangu Anitha tulikuwa tunajifanya tunajisomea. Anitha alikuwa anafumba macho na kusema, "Raheli, nisomee kwa sauti, tumbo langu linapiga kelele." Na mimi namsomea. Siku nyingine baba ananiambia leo mbuzi hawana mtu, na mbuzi kweli hawana mtu, basi nakwenda na mbuzi, na daftari nalifunga kiunoni ndani ya kanga. Pamoja na hayo yote, Hisabati nilikuwa naongoza darasa. Sijui kwa nini. Namba zilikuwa zinanitii.

Ilipofika katikati ya mwaka wangu wa darasa la saba, baba akarudi kutoka kwenye mashine ya kusaga amekunja uso. Mimi na mama tulikuwa tunapukuchua mahindi, na hayakuwa mengi. Akakaa kwenye kigoda.

"Nasikia wiki hii mna mtihani."

"Ndiyo, baba."

"Ule wa darasa la saba."

"Ndiyo, wa darasa la saba."

"Sasa sikiliza. Ukifaulu, mtendaji ataniita tena, na mimi maksai nimebakiwa na mmoja. Ukifeli, hakuna wa kuniita. Utakaa hapa, tutalima, mambo yatakwenda. Kwa hiyo huo mtihani, kosa."

Mama akaacha kupukuchua. Mimi nikauliza, "Nikose kiasi gani, baba?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana ladha gani. "Kiasi gani tena? Kosa. Kosa yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Msidhani baba yangu ni zimwi. Huku kwetu si yeye peke yake. Baba yake Anitha alimwambia Anitha maneno hayohayo, na wengine wanawaambia watoto wachore picha kwenye karatasi. Ni siri inayojulikana na kila mtu, walimu wakiwemo. Ila baba alifanya kosa moja ambalo mtu aliyewahi kukaa darasa la saba hawezi kulifanya. Mtihani wa wiki ile haukuwa wa taifa. Ulikuwa moko, mtihani wa majaribio wa kata, unasahihishwa na walimu wetu wenyewe na kazi yake ni kutupima tu. Wa taifa ulikuwa Septemba. Yeye kwenye kijiwe alisikia "mtihani wa darasa la saba", akaja mbio kutoa amri.

Sikumsahihisha. Nilijisemea: amri umetoa, neno kwa neno nimeisikia. Umesema yote. Haya, baba, yote.

Sasa niwaambie, kufeli ni rahisi, lakini kukosa yote ni kazi. Kwenye Hisabati maswali yalikuwa arobaini, kila moja lina majibu matano ya kuchagua. Ukiandika ovyo, mengine utayapata tu, utake usitake. Ili nisipate hata moja, ilibidi kwanza nilifanye kila swali kikamilifu, nipate jibu la kweli, ndipo niandike herufi nyingine. Nilikuwa nafanya hesabu kwa moyo wangu wote halafu nalipa kisogo jibu langu mwenyewe. Kila herufi ya uongo niliyoandika iliniuma. Eneo la shamba la mstatili nililijua. Faida ya mfanyabiashara niliijua. Treni iliyotoka Dodoma nilijua itafika saa ngapi, nikaipeleka kwingine.

Swali moja tu la pembetatu likanitoa jasho. Sikulijua. Na kama sikulijua, nitajuaje kwamba nimelikosa? Wenzangu walikuwa wanahangaika wasikose, mimi nahangaika nisije nikapata kwa bahati mbaya. Nililifanya, nikalifuta, nikalifanya tena kwa njia nyingine, mpaka jibu likajitokeza lenyewe, nikaliona, nikalikwepa. Msimamizi akasema kalamu chini.

Mwalimu wa Hisabati alikuwa Mwalimu Generosa, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Aliponiita ofisini alikuwa ameshika karatasi yangu kwa ncha za vidole.

"Raheli Matonya, hii ni nini?"

"Ni karatasi yangu, mwalimu."

"Sifuri! Wewe! Unanichezea?" Fimbo ilikuwa mezani, na mkono wake ulikuwa karibu nayo. Kisha akaitazama ile karatasi upya. Akakaa. Akaanza kuipitia kutoka juu, kidole chake kikishuka taratibu, na nikaona hasira zinamtoka usoni na kitu kingine kinaingia. "Swali la kwanza, jibu lake nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza la pili, nikamwambia. Akaruka la tano, la kumi na mbili, na lile la pembetatu. Yote nikamwambia. Akavua miwani.

"Nani amekutuma?"

Baba ni baba, sikumtaja. Lakini Mwalimu Generosa hakuwa mgeni Mlali, na alijua watoto wa huku hawatumwi na majini. "Kesho njoo na mzazi wako," akasema. "Na usiponiletea, nitakuja mwenyewe."

Baba alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mtoto wake amefeli, na njiani alikuwa anatembea kwa raha, anasalimia watu, "Mbukwenyi, mbukwenyi," huku na huku. Tulipoingia ofisini akabadilisha uso, akaweka huzuni.

"Mzee Matonya," akasema Mwalimu Generosa, "mtoto wako amepata sifuri ya Hisabati."

"Ah, mwalimu. Tufanyeje. Ndiyo uwezo wake. Mungu hakumjalia."

"Maswali arobaini."

"Hata yangekuwa machache."

"Nisikilize, mzee. Kila swali lina majibu matano, na mtoto anachagua moja. Wewe una mbuzi?"

"Ninao."

"Mbuzi wako akiikanyaga karatasi hii kwa kwato zake, atapata maswali saba au manane. Kwa bahati tu, maana mbuzi hajui. Mtoto wako hakupata hata moja."

Niliona kabisa maneno yanaingia kichwani mwa baba na kukaa mahali ambapo kulikuwa na maneno mengine yanayofanana nayo. Huzuni ya kuigiza ikamtoka. Akasema polepole, "Hata moja?"

"Hata moja."

"Hata kwa bahati?"

Mwalimu akataka kuendelea kumfafanulia, baba akainua mkono. "Basi, mwalimu. Nimeelewa." Na hakuwa anamtazama mwalimu. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi sikushusha macho. Tangu nizaliwe ilikuwa mara ya kwanza kumtazama baba yangu usoni namna ile, na sikuona haya. Niliona furaha, furaha kali kama pilipili.

Mwalimu Generosa akamalizia kwa kumwambia kwamba huo ulikuwa moko tu, wa taifa ni Septemba. Baba akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akatoka. Njia nzima alitangulia mbele, na hakumsalimia mtu.

Tulipofika nyumbani akaingia ndani, akatoka na ubao wake wa bao, akauweka chini mbele ya kigoda. "Kaa hapo," akaniambia. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Mimi bao sikuwahi kucheza na baba. Wasichana hatukalishwi kwenye bao. Nilikuwa nimejifunza kwa kutazama, na kwa kuchimba vishimo machungani nikicheza mwenyewe pande zote mbili.

"Unajiona fundi," baba akasema. "Haya. Ukinifunga, Septemba andika unavyojua. Nikikufunga, unakosa kama nilivyosema. Na safari hii unakosa kwa kiasi."

Kete zilikuwa zimeshapangwa. Vidole vyangu vilitamani, sitadanganya. Lakini nikaona mtego ulipo. Nikikaa tu kwenye ule ubao, hata nikishinda, nitakuwa nimekubali kwamba shule yangu ni kitu cha kuwekwa rehani kwenye mchezo wake.

"Sichezi, baba."

"Unaogopa."

"Siogopi. Shule yangu siichezei bao. Uliniambia nikose yote, nimekosa yote, amri yako nimeitimiza kuliko mtoto yeyote wa kijiji hiki. Huo ndio utii wangu, na umekwisha. Septemba nitaandika ninavyojua. Sikuombi ruhusa, nakuambia mapema ili usije ukasema nimekuficha. Ukitaka kunipiga, nipige leo, nipone kabla ya Septemba."

Baba akasimama, akainua mkono. Nikajua leo ndiyo leo. Liwalo na liwe, nikakaza miguu.

Ndipo mama akasema. Mama yangu Jenifa, ambaye hadithi ya bao aliisikia miaka yote bila kucheka, akashusha mwiko, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtu chumvi imekwisha: "Baba Joshua, baba yangu aliona mtu anayeshindwa kwa akili, akampa binti na kumsamehe ng'ombe. Wewe leo umeona mtu anayeshindwa kwa akili kukushinda, unampa jembe."

Baba alibaki amesimama na mkono wake juu. Kisha akaushusha, akainama, akaokota ubao wake, kete zikamwagika, akaondoka kwenda kwenye mashine ya kusaga. Kete tukaziokota mimi na mama.

Ningependa kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Baba hakunisemesha tena. Alikuwa anamwambia mama, "Mwambie mwanao mbuzi wapo," nami nimesimama palepale. Kuna wakati alinipeleka machungani wiki nzima, na sikubishana. Mbuzi nilichunga, na vitabu alivyoniazima Mwalimu Generosa nilivisomea hukohuko. Mama alipeleka shuleni debe la mahindi kutoka kwenye yale machache yaliyokuwa yametubakia, akisema kama ni njaa basi tutaigawana vizuri, na mimi kwa mara ya kwanza nikapanga foleni ya makande. Siku ya kwanza nilikula mpaka nikaona aibu, nikamkatia Anitha nusu.

Na hapa ndipo hasira zangu zinapokaa mpaka leo, kwa Anitha. Kwenye ule moko Anitha alipata tisa. Baba yake alimwambia afeli, akafeli vizuri, kama walivyotaka, kwa kuandika ovyo na tumbo tupu. Tisa yake haikumshtua mtu. Hakuna mzazi aliyeitwa, hakuna mwalimu aliyevua miwani. Nilikimbilia kujionyesha peke yangu, na nikaja kuelewa baadaye kwamba wanaozama ni wale wanaopata tisa. Septemba nilimsihi, "Anitha, andika unavyojua." Akaniambia, "Raheli, mimi sijui ninavyojua." Sasa hivi ana mtoto mgongoni na analima shamba la mume. Mimi niko kidato cha tatu, kwa sare iliyotoka kwenye karanga za mama na viatu vilivyokuja vimeshatembea na mtu mwingine. Maksai yuko palepale, hakuna aliyemla. Likizo nakwenda kwa Anitha na vitabu vyangu, mumewe akinuna tunamwacha anune. Hesabu za sehemu ameshazimaliza.

Lakini nilitaka kuishia asubuhi ile ya Septemba.

Niliamka nikakuta baba ameshakaa nje kwenye kigoda, jua halijapanda. Mama alikuwa anakoroga uji. Nilinawa, nikavaa, nikatafuta penseli zangu nilizokuwa nimezipanga juu ya sanduku, sikuzikuta. Nikatoka nje na maneno yote niliyokuwa nimeyaweka akiba tangu siku ya ubao yakiwa mdomoni.

Baba alikuwa nazo. Kisu chake cha kuchunia mbuzi kilikuwa mkono mmoja, na penseli yangu ya mwisho mkono wa pili, anaichonga taratibu, ncha inatoka ndefu na safi. Zile nyingine zilikuwa zimelala kwenye paja lake, tayari. Hakuinua macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akapuliza vumbi la penseli. Akanipa zote kwa pamoja, na zilipofika mkononi mwangu yeye hakuziachia upesi.

"Raheli," akasema. "Usinipe. Cheza."